Kuwafundisha Watoto Wadogo Kazi ya Kipimo

Maneno yaliyonenwa kwa walimu na wazazi wa Buguruni katika mkutano wa Yubilei



Nimepewa neno moja tu la kunena, nalo ni jinsi ya kuwaonyesha watoto wadogo, tangu darasa la awali hata darasa la nne, kazi ya uhandisi, wapate kuijua kabla hawajaambiwa na mtu kwamba si kazi yao. Najua baadhi yenu mmestaajabu, mkasema mioyoni, Mwalimu wa dini ana nini na madaraja na mitambo? Lakini mimi hukaa na watoto hao kila Jumamosi, na maswali yao si ya katekisimu peke yake. Huniuliza gari la umeme lapitaje juu ya nguzo pasipo kuanguka. Huniuliza maji ya mvua yakiondoka barazani kwao huenda wapi. Mtoto aulizaye hivi amekwisha kuianza kazi ninayotaka kuinena, ila hajapata mtu wa kumwambia jina lake.

Basi na tuanze na jina. Katika vitabu twasoma mhandisi, na barabarani watu husema injinia. Neno hili mhandisi limetujia kutoka Kiarabu, nao Waarabu walilitoa katika neno la Waajemi lenye maana ya kipimo. Yafaa mwalimu alikumbuke jambo hili, maana limebeba somo zima. Mhandisi ni mtu wa kipimo. Fundi hodari aweza kujenga ukuta mzuri kwa mazoea ya mkono na jicho, nasi twamheshimu, maana mhandisi asiye na fundi atakufa na michoro yake mkononi. Lakini mhandisi ndiye apasaye kujua, kabla tofali la kwanza halijawekwa, kwamba ukuta ule utachukua uzito gani, na udongo ulio chini yake utauvumilia kwa kiasi gani. Tena jambo likiharibika, yeye ndiye aulizwaye. Mnaujua mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara, akapaswa kwanza kuketi na kuhesabu gharama. Mhandisi huketi na kuhesabu, na katika hesabu yake zimo pia roho za watu.

Wala sineni maneno ya mbali. Siku ya Ijumaa Kuu, 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, hapa mjini, lilianguka, wakafa watu 36. Tena tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa nyingine ilianguka Kariakoo watu wakiwa ndani katika biashara zao, wakafa zaidi ya 25. Kariakoo si mbali na hapa. Wengi wetu huamkia huko kila siku kutafuta riziki. Baada ya misiba kama hiyo sisi hulia, na kuzika, na kuuliza serikali imefanya nini, nayo ni haki yetu kuuliza. Lakini mimi huuliza na jambo jingine: watu wale wanaojenga, wanaosimamia, na wanaoweka sahihi katika karatasi, walifundishwa lini kwamba kitu kitakachobeba watu hujaribiwa kwanza? Mtu akilisikia neno hilo mara ya kwanza akiwa na miaka 20, katika chuo, laweza kuwa kwake somo la mtihani tu. Akiwa amelizoea tangu miaka 6, kwa daraja la karatasi lililovunjika mbele ya wenzake wakacheka, akalijenga tena, huingia katika tabia yake.

Sasa na tutazame nyuma kidogo, kwa kuwa Yubilei ni wakati wa kutazama nyuma. Misheni za pwani hazikuja na vitabu peke yake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa useremala, na uashi, na uhunzi, pamoja na kusoma. Na huko Unguja, kanisa la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873, pale palipokuwa soko la watumwa, chini ya Askofu Edward Steere, ambaye mwenyewe ndiye aliyesimamia kazi. Paa lake lilijengwa kwa vipande vya matumbawe na saruji, likawa tao moja kubwa, nalo lingali likisimama hata leo. Mtu aingiaye mle huonyeshwa nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini. Na husimuliwa kwamba Askofu alikuwa amesafiri, na waashi, kwa kuwa hawakuwahi kuona nguzo za namna ile, wakazisimamisha kama walivyodhani. Mimi huwapenda sana waashi wale. Mikono yao ilikuwa mizuri, maana nguzo hazikuanguka. Walichokosa ni mtu wa kuwafundisha kuusoma mchoro.

Lakini hata katika shule zetu njema iliingia desturi moja mbaya, nayo ingalimo. Mtoto akichelewa, hupewa fagio. Akipiga kelele, hupewa jembe. Akishindwa hesabu, hupelekwa kuchota maji au kuchimba shimo la taka. Hivyo mtoto hujifunza, pasipo kuambiwa kwa kinywa, kwamba kalamu ni ya wenye akili na chombo cha kazi ni cha waliokosa. Kisha akifika miaka 14 twamwambia, Mwanangu, penda ufundi! Atapendaje kitu alichopewa siku zote kama fimbo? Tangu mwaka 1967 tulifundishwa Elimu ya Kujitegemea, na nia yake ilikuwa nzuri, kwamba shule na kazi visitengane. Mahali pengi ikawa ni shamba la shule tu, na mtoto hakuulizwa kwa nini mahindi ya mstari huu yamestawi na ya mstari ule yamekauka. Kazi bila swali humchosha mtoto, wala haimfundishi kitu.

Na sasa jambo hili limekuwa la haraka kuliko zamani. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, kwa kufuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 katika toleo lake la 2023. Elimu ya msingi itakuwa ya miaka 6, na katika sekondari iko mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Amali ni kazi: ujenzi, umeme, makanika, ushonaji, kilimo na nyinginezo. Fikirini maana yake. Mtoto wa miaka 12 au 13 atasimama penye njia panda, yeye na wazazi wake, na kuambiwa achague. Kama tangu darasa la awali hajawahi kushika futi ya kupimia, wala hajamwona mtu wa kazi hiyo akiulizwa maswali, atachagua kwa nini? Atafuata aliko rafiki yake, au atasukumwa na mzazi anayedhani kwamba mkondo wa amali ni wa wale waliokosa akili. Nimekwisha kusikia maneno hayo hapa mtaani, nayo yanatoka katika vinywa vya watu wanaomwita fundi bomba kila wiki na kumsubiri kwa hamu.

Mwaweza kuniambia, Mwalimu, darasa lina watoto 80 na madawati ni machache, vyombo tutatoa wapi? Swali ni la haki. Lakini mimi naona Buguruni yenyewe ni sanduku la vyombo, na watu wa mitaa mingine ya matajiri hawana kitu kama hiki. Na tuanze na reli.

Katika mji huu zinakutana reli za namna tatu. Iko reli ya kati ya zamani, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Upana wake kati ya chuma na chuma ni meta 1 kamili. Iko reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China toka mwaka 1970 hata 1975, iendayo Kapiri Mposhi katika Zambia, safari ya kilometa 1,860. Upana wake ni milimeta 1,067. Na iko reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria hata Morogoro mwezi wa Juni 2024, na hata Dodoma mwezi wa Julai mwaka huo huo. Upana wake ni milimeta 1,435. (Wazee bado huiita gari la moshi, ijapokuwa haina moshi wowote. Haidhuru, watoto hufahamu.)

Basi mwalimu achukue majivu au chokaa, na kamba, na kijiti kilichopimwa meta 1, aende na watoto uwanjani. Wachore mistari miwili miwili, jozi tatu, kwa vipimo hivyo. Kisha awaulize: behewa la reli hii laweza kupita katika reli ile? Watoto watajaribu kwa miguu, mmoja huku na mmoja huku, kama magurudumu. Kati ya reli ya zamani na ya TAZARA tofauti ni milimeta 67 tu, upungufu wa vidole vinne vya mtu mzima. Na kwa ajili ya vidole hivyo behewa haliwezi kupita. Hata ilibidi mwaka 1998 kifunguliwe kituo huko Kidatu, ambako reli mbili hizo zinakaribiana, ili mizigo ishushwe huku na kupakiwa kule. Mtoto akilifahamu jambo hili moja, amefahamu kwa nini watu hukubaliana vipimo. Mwalimu wa hesabu hatahitaji kumpigia kelele tena kwa habari ya milimeta.

Nisisitize: somo hili ni la uwanjani, wala si la kwenye reli. Watoto wa Buguruni wamezoea mno kuvuka reli na hata kucheza juu yake. Nyaya za reli mpya zina umeme wa volti 25,000, na umeme wa nguvu namna hiyo waweza kumrukia mtu hata kabla hajaugusa. Kishada kikinasa huko, kiachwe. Walimu walifundishe hilo siku ile ile ya somo la vipimo, na wazazi walirudie nyumbani.

Tukitoka kwenye reli, twendeni kwenye daraja. Kila mtu hapa amepita TAZARA, pale barabara ya Nyerere inapokutana na barabara ya Mandela. Mwaka 2018, tarehe 27 Septemba, Rais Magufuli alifungua daraja la juu, lililojengwa kwa msaada wa Japani, nalo likaitwa Mfugale. Waulizeni watoto: Nyerere ni nani? Watajibu. Mandela ni nani? Watajibu. Mfugale ni nani? Watanyamaza, na wazazi wao pia. Patrick Mfugale alikuwa mhandisi, mtendaji mkuu wa TANROADS, yaani wakala wa barabara kuu nchini, naye alifariki mwaka 2021. Barabara mbili za chini zina majina ya marais wawili waliosifiwa dunia nzima, na lile daraja linalopita juu lina jina la mhandisi. Tena ukiifuata barabara ya Mandela hata Ubungo, utakuta daraja jingine, la Kijazi, lililofunguliwa Februari 2021. John Kijazi, aliyekufa siku chache kabla ya kufunguliwa kwake, alikuwa Katibu Mkuu Kiongozi, lakini kwa elimu yake naye alikuwa mhandisi. Kwa hiyo mtoto wa Buguruni apandaye daladala kwenda Ubungo hupita kati ya wahandisi wawili, wala hakuna aliyemwambia.

Lakini jina halitoshi. Twende kwenye jaribio. Mwalimu aweke matofali mawili, nafasi kati yake kama shibiri moja. Juu yake aweke karatasi ya daftari, kama daraja. Aweke kizibo kimoja cha soda katikati. Karatasi itazama. Sasa aichukue karatasi ile ile, aikunje mikunjo midogo midogo, juu na chini, kama feni ya kujipepea, airudishe. Aweke kizibo, na cha pili, na cha tatu. Watoto wahesabu kwa sauti. Watastaajabu. Kisha awatoe nje, awaonyeshe paa la darasa: bati lina mikunjo hiyo hiyo! Tangu walipozaliwa wamelala chini ya jibu, lakini swali hawakuwahi kuulizwa. Baadaye awape kila kikundi karatasi moja, wakunje wanavyotaka, wala asiwaambie ipi ni sahihi. Daraja likianguka, asiseme umekosa. Aseme, limeanguka baada ya vizibo vingapi? Liandike. Mtoto aandikaye hesabu ya daraja lililoanguka amefanya kazi halisi ya mhandisi, kuliko yule aliyechora picha ya mtu mwenye kofia ya njano akapewa alama 10. Kofia hizo za njano nimeziona katika picha nyingi za shule. Hazina ubaya, ila mtoto hudhani kazi ni kofia.

Jambo la tatu ni maji, na hapa nitakawia, kwa sababu ndilo linalotuumiza. Mto Msimbazi unatupita ubavuni. Mnaikumbuka mvua ya Desemba 2011, iliyoua watu zaidi ya 40 katika mji huu, na wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Tena mmeona jinsi mabasi ya mwendo wa haraka, yaliyoanza mwaka 2016, yalivyokuwa yakisimama kila mvua kubwa ijapo, kwa kuwa karakana yake ilijengwa pale Jangwani, katika njia ya maji. Sitaki kuwahukumu waliochagua mahali pale. Walikuwa na sababu zao. Nasema tu kwamba mtoto wa miaka 7 aliyecheza na mchanga na kopo la maji aweza kukuambia kwamba maji hurudia njia yake.

Mchezo huo ndio somo. Lundo la mchanga liwekwe pembeni mwa uwanja, kopo lenye matundu liwe mvua, vipande vya boksi viwe nyumba. Watoto wajenge kijiji chao wanapopenda, kisha mvua inyeshe. Nyumba zipi zimeondoka? Kwa nini? Wachimbe mfereji, mvua inyeshe tena. Siku ya mvua ya kweli, ikikatika, wasikae ndani wakisubiri matope yakauke. Watoke na walimu wao watazame maji ya uwanjani yanakwenda wapi, wachore ramani yake, wapendekeze mtaro upite wapi. Na mwalimu mkuu, kama anaweza, auchimbe mtaro pale watoto walipopendekeza. Ukifaa, watauona kila masika. Usipofaa, watauona vilevile.

Katika habari ya maji ya kunywa yuko Mtanzania mwenzetu ambaye napenda watoto walijue jina lake. Askwar Hilonga, wa huko Karatu, aliona tangu utoto wake watu wakiugua kwa maji machafu. Alipokuwa mwalimu katika chuo cha Nelson Mandela huko Arusha, alitengeneza chujio linaloanza na mchanga, kisha vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho vinanasa sumu na wadudu ambao mchanga haukuwaweza. Nalo laweza kurekebishwa kwa kufuata uchafu wa maji ya mahali pale. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya uhandisi ya Afrika, inayotolewa na chuo cha wahandisi cha Uingereza, naye alikuwa wa kwanza kuipata. Mwanzo wa chujio lake ni mchanga, na mchanga tunao! Chupa ya plastiki ikatwe kitako, igeuzwe mdomo chini, iwekwe kitambaa, mkaa uliosagwa, mchanga laini, mchanga mnene, na kokoto. Maji ya matope yamiminwe juu, watoto watazame yanavyotoka. Lakini walimu, msiache kunena neno hili: maji yaliyotakata kwa macho bado yaweza kuwa na maradhi, wala mtoto asiyanywe mpaka yachemshwe. Hapo mtoto hujifunza jambo gumu kidogo, kwamba jicho nalo si kipimo cha kutosha. Kwa umri wao ni somo kubwa, nami sijaona mtoto aliyelishindwa.

Nataka kunena kidogo juu ya wasichana. Nimeona katika vikundi vya kazi kwamba mvulana hushika nyundo na msichana hushika karatasi ya kuandika. Hakuna aliyewaamuru, wameyaona nyumbani. Mwalimu asihubiri juu ya jambo hilo, abadilishe zamu tu: leo wewe unapima, kesho wewe unaandika. Wanawake wahandisi katika nchi yetu bado ni wachache, hata Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa msaada wa nchi ya Norway, iliweka mpango wa kuwasaidia wanawake waliotoka chuoni kufanya mazoezi chini ya wahandisi wazoefu hata wasajiliwe. Mpango huo ni mzuri, lakini unamkuta mwanamke akiwa na miaka 25. Sisi tunaye akiwa na miaka 5, na ile nyundo tunayo mkononi.

Tunayo pia hapa Buguruni shule ya watoto viziwi, nasi twaipita kila siku kama tupitavyo ukuta. Masomo haya ya mkono na jicho yafaa sana yafanywe pamoja nao. Daraja la karatasi halihitaji maneno mengi. Mtoto kiziwi na mtoto asikiaye waweza kulijenga pamoja na kuonyeshana kwa vidole vizibo vingapi limebeba, na labda wetu watajifunza ishara chache, ambalo ni jambo jema lenyewe. Ningependa walimu wakuu wa shule zote mbili wakutane kabla ya muhula ujao.

Mzazi mmoja aliniuliza, Yote haya yatampeleka wapi mwanangu? Nijibu kwa kifupi, maana njia zipo na wengi hawazijui. Mwenye kupenda kazi ya mkono aweza kwenda VETA, na chuo chake kimoja kipo Chang'ombe, karibu nasi. Mwenye kutaka ufundi sanifu aweza kwenda Taasisi ya Teknolojia, DIT, iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1957 na kupewa jina na daraja la sasa mwaka 1997. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha uhandisi mwaka 1973. Kabla ya hapo kijana wetu alilazimika kwenda Nairobi au ng'ambo. Baada ya shahada hufuata mazoezi ya kazi, ndipo Bodi imsajili. Si safari fupi, na hisabati imo njiani kote. Mzazi asidanganywe na mtu amwambiaye kwamba mtoto mpenda kufungua redio atakuwa injinia bila kujua kugawanya. Lakini pia asimpige anapoifungua redio iliyokwisha kufa. Ampe bisibisi, amwambie aweke kila skurubu mahali pake, na kuirudisha kama ilivyokuwa.

Na kabla sijaketi, nina ombi kwa mafundi mlioko humu. Kutoka hapa hata Vingunguti na Gerezani kuna mafundi wa kuchomelea, wa friji, wa injini, wa magodoro na wa milango ya geti, na katika reli na barabara wako wahandisi wanaosali nasi kila Jumapili. Tumepanga, kwa ruhusa ya walimu wakuu, kwamba kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi mmoja wenu aje darasani kwa nusu saa. Tafadhali asije kutuhubiria jinsi alivyofanikiwa. Aje na chombo kimoja cha kazi yake, kisicho na hatari, kipite mikononi mwa watoto wote. Aje pia na kitu kimoja kilichoharibika, aeleze kiliharibikaje na yeye alijuaje. Kisha awaache watoto waulize. Atakayeulizwa jambo asilolijua, aseme silijui, nitauliza kazini, na mwezi unaofuata alete jibu.

Walimu wa darasa la awali wameomba nao wasisahauliwe. Kwao nimeona yafaa vitu vilivyo tayari mikononi mwa watoto: magari ya makopo yenye magurudumu ya kandambili, vishada, na madau ya vifuu. Mwalimu asiyakataze mlangoni kama uchafu. Ayapange dirishani, aulize ni lipi lakwenda mbali zaidi likisukumwa mara moja, na kwa nini gurudumu la hili linayumba. Watapima kwa hatua zao, na hatua za mtoto mmoja zitapingana na za mwenzake, wagombane. Waacheni wagombane kidogo. Ugomvi huo ndio mlango wa kuingizia futi.

Masanduku mawili yamewekwa katika baraza ya ukumbi, la kwanza la vizibo vya soda na chupa za plastiki, la pili la vipande vya mbao, kamba, na futi za cherehani za zamani. Mama wa Jumuiya wamekubali kuyahesabu kila Jumamosi na kuyagawa kwa shule kwa zamu, tukianza na zile zenye watoto wengi. Vizibo vioshwe kwanza, kwa sababu ya siafu. Mbao zenye misumari iliyochomoza zisiletwe, au mleta aing'oe misumari kwanza, na misumari yenyewe ailete katika kopo, tutaihitaji.